Sauti Hupita Penye Pengo: Tuliyojifunza Tukipima Nyumba za Mawe za Lamu

"Ukuta wangu mnene dhiraa nzima, sauti yapitaje?" Swali hili hulisikia kila anayeingia na mita ya sauti katika nyumba za mawe za Lamu, iwe mtaa wa Mkomani au wa Langoni. Anayeuliza ni mwenye nyumba aliyeigawa ili apangishe ghorofa ya juu, au warithi waliogawana nyumba ya babu yao, au mtu aliyeifanya nyumba ya wageni na mgeni akalalamika kwamba amesikia kila neno la chumba cha pili. Jibu mara nyingi huwa lile lile: sauti haikupita ukutani. Ilizunguka.

Somo hili lina gharama, kwa sababu jambo la kwanza analofikiria kila mtu ni kuongeza ukuta: tofali jingine, plasta nyingine, bodi za jipsamu zilizovushwa kutoka bara na kubebwa na punda hadi mlangoni. Kazi ikiisha, mita inasoma namba ile ile.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu huona mambo yalivyo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa sentimita 45 una uzito wa kilo 600 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Ukiwa mzima, bila tundu, unaweza kuzuia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 55 au zaidi. Uzito ndio unaozuia sauti, lakini uzito hulipa kidogo kidogo: ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata desibeli 5 au 6 tu. Tundu, kwa upande mwingine, huharibu kwa pupa. Chukua ukuta wa mita 10 za mraba unaozuia desibeli 50, kisha toboa tundu la sentimita 10 kwa 10, la kupitishia bomba la maji. Tundu hilo ni sehemu moja kwa elfu ya ukuta. Ukuta wote sasa unazuia desibeli 30. Umepoteza 20 kwa tundu linalozibika kwa kiganja cha mkono.

Mlango nao ni vivyo hivyo. Mlango wa upana wa sentimita 90 ukiachwa na pengo la milimita 5 chini, hata ungekuwa wa mbao ngumu kiasi gani, hauwezi kuvuka desibeli 26. Pengo la milimita 10 linaushusha hadi 23. Ile milango ya Lamu ya mbao mbili iliyochongwa ina uzito wa kutosha kabisa. Kinachoiangusha ni mwanya wa katikati na kizingiti kilicholiwa na miaka. Ndiyo maana tunasema mpira wa mlango wa shilingi chache, ukikazwa pande zote nne, unashinda ukuta mpya.

Kuna makosa mawili ya mawazo ambayo hujirudia sana, na ni heri yaondolewe kabla ya pesa kutoka. La kwanza ni kuchanganya kunyonya sauti na kuzuia sauti. Trei za mayai, sponji na mapazia mazito hupunguza mwangwi ndani ya chumba kilicho na kelele. Hayazuii sauti isiende kwa jirani, kwa sababu hayana uzito na hewa inapita ndani yake. La pili ni kutotofautisha sauti ya hewani na sauti ya kugonga. Maneno, televisheni na azana husafiri hewani kwanza. Mchi kwenye kinu, kiti kinachoburutwa, visigino vya viatu, hivyo hutikisa sakafu yenyewe, na sakafu ikaimba chumbani mwa jirani. Dawa ya moja si dawa ya nyingine, na vipimo vyake ni viwili tofauti.

Nyumba ya kale ilivyojilinda

Waliojenga mji huu hawakuwa na mita, lakini mpango wa nyumba zao ni somo la kuzuia sauti. Ukitoka njiani unapita daka (baraza ya mlangoni), kisha tekani (ukumbi wa kuingilia) ambayo imepinda ili macho yasifike ndani, kisha kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, halafu kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho chumba cha nyuma kabisa kiitwacho ndani. Njia iliyopinda inayozuia jicho huzuia pia sauti ya moja kwa moja. Kila msana unaoingia nyuma ni umbali mwingine na kona nyingine. Mwenye kulala ndani alikuwa na vyumba viwili au vitatu baina yake na njia.

Shida inaanza mpango huo ukivunjwa. Msana ambao ulikuwa wazi upande wa kiwanda unafungwa kwa plaiwudi ya milimita 9 ukawa chumba cha kulala. Plaiwudi hiyo ina uzito wa kilo 5 au 6 kwa mita ya mraba, na imesimama kati ya kuta za kilo 600. Mpimaji hahitaji hata mita ajue sauti itapita wapi.

Katika kuta za pamoja kati ya nyumba na nyumba, tunatafuta vitu vinne kabla ya kufungua sanduku la vifaa. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani: ukuta ulichimbwa, na kama upande wa jirani nako kuna zidaka mahali pale pale, unene uliobaki unaweza kuwa shubiri moja. Mlango wa zamani uliozibwa: nyumba za ndugu zilikuwa na njia ya kupitana, na baada ya mirathi mlango ukazibwa kwa tofali nyembamba zilizopangwa bila kujaza chokaa pembeni. Piga kwa kifundo cha kidole. Sauti ya debe itakuonyesha mipaka ya mlango wenyewe. Vichwa vya boriti: pale boriti inapoingia ukutani chokaa huwa imenyauka na kuacha mwanya kuizunguka, na ikiwa boriti za nyumba zote mbili zimeingia tundu moja, mwanya unavuka. Mwisho ni mabomba na nyaya, ambavyo kila fundi hutoboa tundu kubwa kuliko bomba na kuacha kazi ya kuziba kwa mwingine.

Mwanya wa boriti usizibwe kwa simenti. Simenti ni ngumu kuliko ukuta wa chokaa, hufunga unyevu, na boriti ikicheza kidogo inapasuka upya. Chokaa na mchanga laini, ikisukumizwa kwa kijiti hadi ndani sentimita 5 au zaidi, ndiyo inayodumu. Kwa bomba, jaza chokaa kisha malizia ukingo kwa silikoni isiyokauka ngumu. Na kwa kuwa mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kugusa zidaka au dari ya boriti ni jambo la kushauriana kwanza na ofisi ya uhifadhi.

Nje ya mji wa mawe, katika nyumba mpya za Shela na vilevile za Malindi, ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyokatwa au tofali za simenti zenye matundu, unene wa sentimita 15 au 20. Mawe haya yana vinyweleo. Ukuta usiopigwa plasta hupitisha hewa, na panapopita hewa sauti hupita. Plasta ya milimita 12 hadi 15 pande zote mbili ni sehemu ya kizuizi. Kosa linalojirudia: fundi mwashi hupiga plasta hadi usawa wa dari ya jipsamu na kuacha juu yake mawe matupu, kwa sababu "hapataonekana". Hapaonekani, lakini husikika. Kama hujui uzito wa mawe uliyouziwa, pima jiwe moja kavu kwenye mizani ya duka, gawa kilo kwa ujazo wake wa mita za ujazo, kisha zidisha kwa unene wa ukuta. Utapata kilo kwa mita ya mraba, na namba hiyo ni ya kuaminika kuliko neno la muuzaji.

Makuti yana tatizo lake. Kuta za kugawa vyumba huinuliwa hadi mita 2.4 au 2.7 na kuachwa hapo, huku paa la makuti likiwa wazi juu ya vyumba vyote kama mwavuli mmoja. Hapo usitarajie zaidi ya desibeli 15 hadi 20 kati ya chumba na chumba, hata ukuta ungekuwa wa zege. Kuupandisha ukuta hadi uguse makuti husaidia kidogo tu, maana makuti yenyewe ni mepesi na yana hewa: sauti inatoka kwa huku na kuingia kwa kule. Kinachofaa ni kukipa kila chumba kifuniko chake: dari ya bodi mbili za jipsamu za milimita 12.5 juu ya fremu, viungo vya bodi ya pili visilingane na vya kwanza, na milimita 50 hadi 100 za pamba ya mawe zikilazwa juu. Polistairini nyeupe isitumike badala yake. Ni ngumu, haipitishi hewa ndani yake, na kwa sauti haina msaada. Nyuzi za makumbi ya nazi zina msaada, ila hafifu kuliko pamba ya mawe ya unene ule ule, na chini ya makuti ni kuongeza moto juu ya moto.

Kupima: saa ya kazi na mahali pa kusimama

Kipimo cha sauti ya hewani kinafuata kanuni ya kimataifa ISO 16283-1, na cha kugonga ISO 16283-2. Namba moja ya mwisho hutolewa kwa ISO 717. Msingi ni rahisi: piga kelele kubwa yenye masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba, chumba kimoja, pima ukubwa wake hapo, pima kinachofika chumba cha pili, pima pia kelele iliyokuwapo chumba cha pili spika ikiwa imezimwa, kisha pima muda ambao sauti huchukua kufifia katika chumba hicho. Masafa ni kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 hadi 3150, yakigawanywa katika vipande 16 viitwavyo bendi za thuluthi ya oktava.

Muda wa sauti kufifia ndio wanaouruka wengi, na ndio unaopotosha. Chumba kitupu cha kuta za chokaa kinavuma. Sauti ikishaingia haitoki, kwa hiyo mita husoma zaidi kuliko itakavyosoma chumba kikiwa na kitanda na mazulia. Kanuni inasawazisha kwa kulinganisha na sekunde 0.5. Chukua bendi moja: chumba cha kelele desibeli 100, chumba cha pili 58, muda wa kufifia sekunde 1.0. Tofauti ni 42, na kwa kuwa muda ni mara mbili ya 0.5 unaongeza 3: ni 45. Ungekuwa sekunde 2, ungeongeza 6. Mpimaji asiyepima muda huo anaweza kuuhukumu ukuta mzuri kwa kosa la chumba kitupu.

Mahali pa maikrofoni si pa kubahatisha. Angalau sentimita 50 kutoka ukuta, sakafu au dari. Angalau sentimita 70 kati ya kituo na kituo. Angalau mita 1 kutoka kwenye spika. Vituo visipungue vitano kwa kila mahali pa spika, na spika ihamishwe iwe na mahali pawili. Kila kituo pima si chini ya sekunde 6. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulikatwa na urefu wa boriti, aghalabu chini ya mita 3. Ukitoa sentimita 50 kila upande unabaki na ukanda mwembamba wa kusimamia, kwa hiyo chora vituo kwa chaki sakafuni kabla ya kuwasha kitu. Anayeshika mita kwa mkono asisimame kati yake na spika. Chumba cha spika kinafika desibeli 100 na zaidi. Vaa vizibo vya masikio, na majirani wapewe habari mapema, maana sauti ile si ya kuistukizia nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa.

Saa ya kazi nayo ni nusu ya kazi. Kelele za nje zikiwa karibu na sauti unayoipima, namba haina maana. Sauti iliyopita ikizidi kelele ya kawaida ya chumba kwa desibeli 10 au zaidi, uko salama. Ikizidi kwa 6 hadi 10, unasahihisha: umesoma 41 na kelele ya chumba ni 33, jibu halisi ni 40.3. Chini ya 6 unaondoa 1.3 tu na kuandika kwamba ukuta unaweza kuwa bora kuliko namba hiyo. Kwa hiyo zima friji, feni na pampu, na upange kazi kati ya sala na sala. Usianze kipimo kipya dakika kumi kabla ya adhana. Mtaa wa karibu na bandari una injini za mashua tangu alfajiri. Baada ya adhuhuri, wakati mji umepumzika, ndipo tunapopata utulivu. Wakati wa kusi, upepo ukivuma katika maikrofoni husomeka kama ngurumo ya masafa ya chini. Kifuniko cha sponji kiwepo hata ndani ya chumba ikiwa madirisha ni ya luva.

Hewa ya chumvi na joto huua maikrofoni. Ukitoa mita kwenye chumba cha kiyoyozi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha joto, unyevu hutanda juu ya kiwambo na mita inaanza kutatarika. Iache katika sanduku lililofungwa dakika 30 izoee joto, na vifuko vya silika viwe humo daima. Pima kifaa kwa kilinganishi kinachotoa sauti ya desibeli 94 kabla na baada ya kazi. Kama vipimo viwili vimetofautiana zaidi ya 0.5, kazi ya siku hiyo irudiwe, hata kama inauma.

Tukishapata bendi 16, mstari wa rejea wa ISO 717-1 unashushwa desibeli moja moja hadi jumla ya mapungufu (pale vipimo vilipo chini ya mstari) isizidi 32.0, kisha namba inasomwa pale penye hezi 500. Wenye nyumba huitaka namba hiyo, na ni haki yao. Uingereza, katika mwongozo wake wa ujenzi wa tangu 2003, inataka angalau 45 kwa nyumba mpya na 43 kwa nyumba iliyogeuzwa matumizi, baada ya kusahihisha kwa ajili ya masafa ya chini. Hayo ndiyo malengo tunayoyatumia. Hapa Kenya kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha kelele ndani ya makazi: desibeli 45 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa tangu saa mbili. Kanuni hizo zinapima kelele, hazipimi ukuta, na watu huchanganya hayo mawili.

Lakini kwa anayetafuta dawa, namba moja haitoshi. Mchoro wa bendi zote 16 ndio unaosema. Mstari ukipanda vizuri hadi hezi 500 au 800 kisha ukalala, haupandi tena, kuna pengo la hewa mahali: tafuta mlango, bomba, juu ya dari. Ukiona shimo karibu na hezi 2500 hadi 3150, ni bodi ya jipsamu ya milimita 12.5 inayotikisika kwa masafa yake yenyewe. Kioo cha milimita 6 shimo lake huwa karibu na 2000, cha milimita 4 karibu na 3000. Shimo la chini, hezi 100 hadi 200, ni la kuta mbili nyepesi zilizokaribiana mno, zikirushiana kupitia hewa iliyobanwa kati yake kama springi.

Hilo la mwisho linahesabika kabla hujajenga. Bodi moja ya kilo 10 kwa mita ya mraba kila upande, na nafasi ya sentimita 10 kati yake, hutikisika pamoja karibu na hezi 85. Ukiibana nafasi iwe sentimita 2.5, hupanda hadi 170, katikati kabisa ya ngoma na besi ya jirani. Ndiyo sababu bodi iliyogandishwa sentimita 2 mbele ya ukuta wa mawe kwa mbao nyembamba huweza kuufanya ukuta uwe mbaya zaidi kwa masafa ya chini kuliko ulivyokuwa peke yake. Tumelipima hilo zaidi ya mara moja, na hakuna mwenye nyumba anayependa kuambiwa.

Baada ya mchoro, zima spika kubwa ya vipimo rasmi, washa kelele tena kwa kiasi, na pita na mita chumba cha pili ukiisogeza polepole kandokando ya mlango, kona za dari na matundu ya bomba. Namba itaruka penye pengo. Usiku, tochi yenye mwanga mkali upande mmoja hufanya kazi hiyo hiyo: panapopenya mwanga, sauti ilishapita zamani.

Sakafu

Mashine ya kugonga ina nyundo 5, kila moja gramu 500, zinazoanguka kutoka kimo cha milimita 40, mara 10 kwa sekunde. Iweke mahali panne au zaidi, sentimita 50 kutoka kingo. Kwenye sakafu ya boriti iweke kwa pembe ya digrii 45 kwa boriti, ili nyundo zisigonge zote juu ya boriti moja au zote katikati ya mbili. Na hapa namba ndogo ndiyo nzuri, kwani unapima kelele inayofika chini. 62 ni bora kuliko 75. Wengi husoma ripoti kinyume.

Slabu ya zege ya milimita 150 ikiwa tupu hutoa karibu 75. Uingereza inaruhusu isizidi 62 kwa nyumba mpya. Vigae vikibandikwa moja kwa moja juu ya slabu havibadilishi kitu cha maana, na vigae ndivyo vinavyopendwa kote Pwani. Njia ya uhakika ni sakafu inayoelea: slabu, juu yake mkeka laini wa raba au pamba ngumu ya mawe, juu yake nailoni nzito iliyopishanishwa milimita 150 na kubandikwa kwa utepe, juu yake zege la mchanga na simenti milimita 65, kisha vigae. Ukutani pande zote pawe na ukanda laini wa milimita 5 uliosimama kuzidi usawa wa vigae.

Kinachoharibika ni kile kile kila mara. Uji wa simenti hupenya kwenye kiungo cha nailoni, ukaganda hadi slabu. Hapo nguzo ndogo ya simenti imeunganisha sakafu mbili. Au fundi wa vigae huukata ule ukanda mapema ili kazi ionekane safi, akajaza gundi ya vigae hadi ukutani. Au kigae cha pembeni cha ukutani hukaa juu ya kigae cha sakafu bila pengo. Daraja moja hula desibeli nyingi kati ya zile ulizonunua. Ukanda ukatwe baada ya kujaza viungo vya vigae, pengo la milimita 3 chini ya kigae cha ukutani lijazwe silikoni. Na pima kwa mashine ya kugonga kabla ya vigae, wakati bado daraja linaweza kukatwa kwa msumeno.

Sakafu za kale za boriti, mawe na chokaa ni jambo jingine. Zege jipya la milimita 65 ni kilo 130 kwa mita ya mraba juu ya boriti zilizobeba mzigo kwa vizazi, na hatulishauri. Huko dawa ni ile waliyokuwa nayo: viatu mlangoni, mkeka, na zulia nene juu ya mkeka. Zulia lenye sponji chini yake linashusha kelele ya kugonga kwa desibeli 20 au zaidi bila kugusa jengo. Kinu cha jikoni la juu kiwekwe juu ya raba nene au gunia lililokunjwa mara nne.

Hewa

Hapa ndipo vitabu vya nchi za baridi vinapotuacha. Dirisha lililofungwa vizuri lenye kioo cha milimita 6 huzuia kama desibeli 30. Dirisha lile lile likiwa wazi huzuia 10 hadi 15. Vipimo hufanywa madirisha yakiwa yamefungwa, halafu mwenyeji analala yakiwa wazi kuanzia kaskazi hadi kusi, kwa sababu chumba kisichopumua hakilaliki. Ripoti isiyotaja hali hizo mbili inamdanganya msomaji.

Kwanza panga mahali pa tundu kabla ya aina ya tundu. Madirisha yatazame kiwanda, si njia. Yakilazimika kutazama njia, yasikabiliane na ya jirani, na madirisha ya vyumba viwili vinavyopakana yasikaribiane chini ya mita 2, maana sauti hutoka moja na kuingia la pili. Pili, jenga njia ya hewa iliyopinda: sanduku la mbao lenye nafasi ya ndani sentimita 20 kwa 20, limetandikwa pamba ya mawe ya milimita 50 iliyofunikwa kwa kitambaa chembamba, lenye kona mbili. Kwa kila mita ya urefu, masafa ya usemi karibu na hezi 1000 hupungua kama desibeli 24. Ngurumo ya jenereta haipungui hivyo. Hezi 125 hupata 3 hadi 6 tu, kwa hiyo jenereta lishughulikiwe lilipo. Sanduku moja ni sehemu ndogo ya hewa ya dirisha, basi weka mawili, moja chini upande wa upepo na moja juu upande wa kiwanda, na feni ya dari ikoroge kilichoingia. Kitambaa kifuliwe kila kaskazi likiisha, la sivyo vumbi na ukungu huziba na watu wakayaondoa yote.

Pampu ya maji isifungwe kwenye ukuta wa jirani. Ikiwa ipo hapo tayari, ihamishiwe sakafuni juu ya kibao cha zege cha kilo 40 au 50 kilichokaa kwenye raba nne, na bomba la kutoka liungwe kwa mpira laini wa sentimita 50 kabla ya kukutana na bomba gumu. Vishikizo vya bomba ukutani viwekewe raba pia. Kisha rudi usiku, tangi likijaa, na usikilize ukiwa kwa jirani.